Mshipa wa mguu ulioziba miaka mingi baada ya mionzi: je, mama apasuliwe?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Mwaka 2008 alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi pale Ocean Road, mionzi ya nje na ya ndani, akapona, na kliniki amekuwa akihudhuria bila shida. Tangu mwaka juzi mguu wa kushoto unamuuma akitembea, akisimama unatulia. Sasa unamuuma hadi usiku, analala ameuning'iniza kando ya kitanda, na kidole gumba kina kidonda ambacho miezi miwili hakiponi. Hana kisukari, hajawahi kuvuta sigara, presha anayo na anameza dawa. Wamempima presha ya miguu wakalinganisha na ya mkono: kushoto 0.38, kulia 0.82. CT scan inasema ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, ya nyonga ya kushoto imeziba kabisa, ya kulia imebana kiasi, na mishipa iliyo chini ya hapo ni mizuri. Daktari bingwa amesema apandikizwe mshipa. Mjomba anasema saratani imerudi, tunafichwa. Jirani yetu muuguzi anasema mtu aliyepigwa mionzi hapasuliwi, kidonda hakifungi. Mimi najiuliza kwa nini wasimwekee stenti tu yaishe. Tumeambiwa turudi na uamuzi. Tufanye nini?"

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Nianze na jibu lenyewe, maana najua halijawapa usingizi. Kwa maelezo yako mguu wa mama uko hatarini, na damu inabidi irudishwe ndani ya siku au wiki chache. Hili si la kusubiri mavuno wala likizo ya mtu wa Ulaya. Kupandikiza mshipa ni tiba halali kabisa kwake. Lakini kwa mtu aliyewahi kupata mionzi, jambo linaloamua mambo yataendaje ni mahali mpasuaji atakaposhonea ncha mbili za mshipa mpya. Hilo ndilo swali la kurudi nalo hospitali, na karibu yote nitakayoandika hapa yanakuja kulielezea.

Kwanza mjomba. Hajakosea kuuliza. Saratani ya mlango wa kizazi ikirudi inaweza kubana mishipa ya nyonga, na kila mtu aliyewahi kuugua anastahili swali hilo lijibiwe kwa kipimo badala ya kubembelezwa. Ila uvimbe unaobana nyonga kwa kawaida huonea kwanza vena, ile inayorudisha damu, kwa sababu ukuta wake ni laini: mguu mzima huvimba na kuwa mzito. Mara nyingi mirija ya mkojo nayo hubanwa na figo kujaa maji, na maumivu ya kiuno hayaachi mtu akae wala alale. Mguu wa mama unaeleza hadithi nyingine: unauma ukifanya kazi, unatulia ukipumzika, na usiku unapata nafuu ukining'inizwa kwa sababu damu kidogo iliyopo inashuka kwa uzito wake. Hiyo ni njaa ya damu. Picha zilezile za CT zilizoonyesha ateri zinaonyesha pia nyonga nzima, kwa hiyo mwombeni daktari wa picha aandike waziwazi kama ameona uvimbe, mitoki iliyokua au figo iliyojaa, na mama apimwe njia ya kizazi na daktari wake wa saratani. Kisha mjomba apewe ripoti aisome mwenyewe. Familia nyingi zinagombana kwa sababu karatasi imekaa kwenye mkoba wa mtu mmoja.

Kuna hofu nyingine ambayo hukuiandika lakini naisikia kila mara: kwamba mionzi bado imo mwilini na ndiyo inayomla. Haimo. Mionzi ya nje hupita mwilini mashine inapowashwa na huisha inapozimwa. Ile ya ndani hutoka pamoja na chombo kilichoibeba. Mama hana mionzi ya kumwambukiza mjukuu. Kilichobaki ni kovu.

Na kovu hilo lilitokana na hesabu iliyokuwa sahihi. Saratani ya mlango wa kizazi husafiri kwenda kwenye tezi za limfu za nyonga, na tezi hizo zimepangana kufuata ateri na vena za nyonga, zimezikumbatia. Huwezi kuzipiga mionzi tezi ukauacha mshipa. Kwa kawaida eneo lote hupata kiasi cha grei 45 hadi 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), zikigawanywa katika mahudhurio takriban 25 kwa wiki tano, halafu mionzi ya ndani inaongezwa palipo na uvimbe wenyewe. Bila dozi hiyo mama asingefika 2010. Kwa hiyo akitokea ndugu wa kusema "walimuunguza", mkumbusheni kwamba bila matibabu yale leo kusingekuwa na mguu wa kuuzungumzia.

Sasa, kwa nini madhara yajitokeze baada ya miaka yote hii? Ukuta wa ateri una utando mwembamba wa ndani ambao kazi yake ni kuifanya damu iteleze bila kuganda. Mionzi huujeruhi utando huo, nao hupona nusunusu. Ukuta wenyewe, kwa kuwa ni mnene, una vimishipa vyake vidogo mno vinavyoulisha kutoka nje. Hivyo huziba pole pole, ukuta ukakosa chakula, na nyama yake laini ikabadilika kuwa nyuzi ngumu za kovu. Mafuta ya damu hupenda kutua mahali palipojeruhiwa hivyo, na chokaa hufuata. Ni kazi ya miaka mitano, kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Presha ya mama imeiharakisha. Angekuwa anavuta sigara au ana kisukari ingekwenda mbio zaidi.

Alama ya ugonjwa huu ni ile ambayo ripoti yenu imeitaja bila kuipa jina: mishipa ya nyonga imeharibika, iliyo chini yake ni mizuri. Mvutaji sigara huharibika sehemu nyingi kwa pamoja. Mwenye kisukari huharibika zaidi chini ya goti. Kwa mama, ubovu umekaa palepale mionzi ilipopita, chini yake pasafi. Hii ni habari njema, ukitaka kujua. Mishipa mizuri ya chini maana yake damu ikifikishwa pajani, itafika unyayoni yenyewe.

Zile namba mbili msizipuuze. Mtu mzima mwenye mishipa mizuri hupata 1 au kuzidi kidogo. Chini ya 0.9 ni ugonjwa. Chini ya 0.4, tena kukiwa na kidonda na maumivu ya usiku, ni mguu unaoweza kupotea. Kushoto ndiko huko. Lakini mimi jicho langu limeganda kwenye 0.82 ya kulia. Huo ni mguu ambao haulalamiki bado, lakini si mzima, na nitaeleza hapa chini kwa nini namba hiyo inaweza kubadilisha upasuaji mzima.

Kabla ya hapo, jambo moja la kuhakikisha. Mionzi ya nyonga inaweza kujeruhi pia neva za mguu, ikaleta ganzi, udhaifu na maumivu. Na mtu wa umri huu anaweza kuwa na mgongo uliobana neva. Wapo wenye yote mawili, na damu ikisharudishwa mguuni wanashangaa mbona ganzi ipo palepale. Mpimeni nguvu ya mguu na hisia kabla ya upasuaji, iandikwe, ili baadaye kila mtu ajue nini kilikuwepo.

Tuje kwenye tiba. Dawa na mazoezi ya kutembea ni tiba ya kweli kwa mtu ambaye shida yake ni kuumwa akitembea tu: dakika 30 hadi 45, mara tatu au zaidi kwa wiki, atembee mpaka maumivu yazidi, apumzike, aendelee, kwa miezi mitatu angalau. Mama ameshapita kituo hicho. Kidonda cha miezi miwili hakitembezwi. Dawa atazihitaji hata hivyo: ya kupunguza mafuta ya damu, ya presha, na ya kuzuia chembe sahani, zile chembe zinazoigandisha damu, zisigandane, kwa kawaida aspirini ndogo. Hapo pana mtego ambao wapasuaji wasiozoea wagonjwa wa mionzi huukanyaga. Kibofu na utumbo wa chini navyo vilipata mionzi, na vinaweza kuvuja damu miaka mingi baadaye. Muulize mama, faraghani na bila kumwonea haya, kama amewahi kuona damu kwenye mkojo au choo tangu matibabu. Akisema ndiyo, mpasuaji ajue kabla ya kumwandikia dawa za kuzuia damu kuganda, na wingi wa damu upimwe.

La pili la faragha: kama mama anatumia dawa za kufubaza virusi, naye mpasuaji ajue. Sisemi anatumia. Nasema kwa sababu saratani hii na VVU mara nyingi hukutana, na baadhi ya dawa hizo hazipatani na baadhi ya dawa za mafuta ya damu, simvastatini hasa. Dawa ya kufubaza haisimamishwi kwa sababu ya upasuaji. Inabadilishwa ile nyingine.

Stenti. Wazo lako si baya, na katika ugonjwa wa nyonga uliotokana na mionzi madaktari wengi, mimi nikiwamo, huanza kwa kuuliza kama inawezekana. Sababu ni hiyohiyo ya jirani yenu: hakuna kidonda kikubwa cha kufunga. Unaingia na waya kwa tundu dogo, unapanua kwa puto, unaacha kimrija cha wavu. Tiba hii ilianza mwaka 1964 Portland, Marekani, pale Charles Dotter alipopanua ateri ya mguu ya bibi wa miaka 82 aliyekuwa na kidonda kinachooza na amekataa kukatwa mguu. Kwa hiyo msiione kama kitu cha majaribio.

Lakini ina masharti. "Imebana" na "imeziba kabisa" ni mambo mawili tofauti. Ateri iliyobana ina njia ya waya. Iliyoziba kabisa kwa urefu, na ukuta wake umekuwa mgumu kwa kovu, waya unaweza kugoma, au ukatoboa nje. Ikiwa kuziba kumeshuka hadi kwenye kinena, mahali paja linapokunjika, stenti itakunjwa kila mama anapoketi na kuchuchumaa chooni, na haitadumu. Na hata ikifaulu, kovu la mionzi haliachi kukua kwa sababu kuna wavu ndani; atahitaji kurudi kupimwa na pengine kupanuliwa tena. Kwa hiyo rudi kwa daktari umuulize hivi: kuziba kwa kushoto kuna urefu gani, kunaishia juu ya kinena au ndani yake, na je, waya umejaribiwa au umekataliwa kwa kuangalia picha? Akikujibu kwa picha mkononi, muamini. Akisema tu "hapa hatufanyi", hilo ni jibu kuhusu hospitali yake. Ombeni rufaa kwenda panapofanyika. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ina wataalamu wa mishipa na mashine za kazi hiyo.

Sasa upasuaji wenyewe. Damu imekuta barabara kuu imefungwa, tunaichongea mchepuko: inatoka mahali pazuri juu ya kizuizi, inapita kwenye mshipa mpya, inaingia mahali pazuri chini yake. Kizuizi chenyewe hatukigusi. Ni upasuaji wa zamani. Jean Kunlin aliutumia mguuni Paris mwaka 1948, kwa vena ya mgonjwa mwenyewe. Kilicho tofauti kwa mama ni kwamba eneo lililo katikati, na pengine ncha zote mbili, limepigwa mionzi.

Hapa ndipo nusu ya ukweli ya jirani yenu inapoingia. Mtu aliyepata mionzi anapasuliwa, na anapona. Ila nyama ile ya mionzi ina damu kidogo, njia zake za maji ya limfu zimezibwa na kovu, na ukiikata kinenani inaweza kuvuja maji kwa wiki, ikaachia nyuzi, ikaingia wadudu. Chini ya kidonda hicho ukiwa umelaza mrija wa bandia, wadudu wakiufikia mambo ni mazito: dawa za sindano peke yake mara nyingi hazitoshi, mrija hutolewa, na mguu unarudi pale ulipokuwa au pabaya zaidi. Mshono wenyewe unaweza kuachia ukatoa damu. Katika upasuaji huu nahofia ngozi kuliko mshipa.

Ndiyo maana mimi kabla ya kuangalia CT humlaza mgonjwa nikashika ngozi ya kinena na ya tumbo la chini kwa vidole viwili. Ngozi inayonyanyuka na kuteleza juu ya nyama, hapo naweza kukata. Iliyogeuka ngumu, imeng'aa, imeshikamana na kilicho chini, hapo sikati kama nina njia nyingine. Natafuta pia vidoa vidogo vya wino ambavyo wataalamu wa mionzi huwachora wagonjwa. Vikiwepo, vinasaidia kukisia mipaka ya eneo lilipopita. Waulizeni kama kuna mtu amefanya hivyo. Si kipimo cha gharama.

Njia za kupitisha mshipa mpya ni kadhaa. Ya kwanza ni kutoka kwenye mshipa mkuu wa tumbo kushuka pajani. Inapitisha damu nyingi na hudumu miaka mingi kuliko zote. Lakini ni kufungua tumbo ambalo utumbo wake huenda umeshikana kwa sababu ya mionzi, na mirija ya mkojo imezama kwenye kovu. Kujeruhi utumbo huku umeshika mrija wa bandia mkononi ni balaa. Kwa mtu wa miaka 61 mwenye moyo mzuri haikataliwi, ila mikono iwe yenye uzoefu.

Ya pili ni kuvusha damu kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, mshipa ukipita chini ya ngozi juu ya kinena. Ni upasuaji mdogo, tumbo haliguswi, na wengi huukimbilia. Hapa ndipo ile 0.82 inapouliza swali. Mguu wa kulia utaombwa kulisha miguu miwili, nao ateri yake imebana kwa mionzi ileile. Ukiuvushia bila kuusaidia, unaweza kufufua wa kushoto na kuanzisha maumivu kulia. Lakini CT imesema kulia imebana tu. Kwa hiyo ipo njia ya kuchanganya: ateri ya kulia ipanuliwe na kuwekwa stenti, kisha damu ivushwe kutoka kulia kwenda kushoto. Ningekuwa mimi ndiye ninayemshughulikia mama, waya wa kushoto ukigoma na ngozi ya vinena ikiwa laini, hilo lingekuwa pendekezo langu la kwanza. Nasema hivyo bila kumshika mgonjwa, kwa hiyo daktari wenu akitofautiana nami kwa sababu alizoziona kwa macho, yeye ana haki zaidi.

Ya tatu ni kuanzia mbali kabisa: ateri iliyo chini ya mtulinga, mrija ukashuka ubavuni chini ya ngozi hadi pajani. Chanzo chake hakijawahi kuona mionzi, na mwili hauchoki sana. Ubaya ni urefu. Mrija mrefu huziba mapema zaidi, na mama atalazimika kujihadhari na mikanda na kanga zilizokazwa ubavuni, na kulalia upande huo. Hubaki kwa wale ambao moyo au tumbo haliruhusu njia nyingine. Ya nne hukwepa kinena chenyewe: mrija hupita ndani kupitia tundu la mfupa wa nyonga na kutokea katikati ya paja. Njia hizi mbili zote zilielezwa mwaka 1963, na ya nne ilibuniwa hasa kwa ajili ya kinena kisichofaa kukatwa. Si kila mpasuaji ameifanya, na si aibu kwake kusema hivyo.

Ncha ya chini nayo ina uhuru. Watu hudhani lazima ishonewe kwenye kinena. Kwa mama, ambaye mishipa ya chini ni mizuri, inaweza kushuka inchi chache hadi kwenye ateri ya katikati ya paja, au tawi lake la kina likafikiwa kwa kukatia upande wa nje wa paja, ambako mionzi ya nyonga kwa kawaida haifiki kwa nguvu. Ikiwa hakuna budi kukata kwenye kinena chenye kovu, waombeni wajadiliane mapema na wapasuaji wa kurekebisha viungo, ili msuli wa paja ugeuzwe na kufunika mshipa mpya. Msuli huo unakuja na damu yake mwenyewe. Mapema, nimesema, si baada ya kidonda kuachia.

Kuhusu mshipa utatoka wapi: vena ya mguu wake mwenyewe huvumilia wadudu kuliko mrija wa kiwandani, lakini kwa njia za nyonga mara nyingi ni nyembamba, na mrija wa bandia ndio unaotumika. Uliza tu kama vena imepimwa kwa ultrasaundi. Kama mguu wa kushoto huwa unavimba kwa maji, wasichukue vena huko.

Najua neno ambalo familia inaliogopa na halijaandikwa kwenye barua yako. Kukatwa mguu kupo kwenye meza ikiwa damu haitarudishwa, au kama kuoza kumepanda unyayo na wadudu wameingia mwilini. Leo, kwa kidonda cha kidole gumba, hakuna sababu ya kukata mguu. Msikubali pia kidole kikatwe kwenye zahanati "ili kisisambae" kabla damu haijarudi: jeraha la kukata linahitaji damu ileile ambayo haipo, na mtajikuta na kidonda kikubwa mahali pa kidogo.

Wakati mkisubiri, mguu usikandwe kwa maji ya moto wala chupa ya moto, hata kama mama analalamika baridi. Hauhisi vizuri na utaungua. Usichuliwe, usipakwe majivu, dawa ya meno wala asali ya kienyeji iliyochanganywa na kitu. Kidonda kioshwe kwa maji safi ya chumvi, kifunikwe kikavu, avae soksi pana na viatu visivyobana. Dawa za presha aendelee, ila presha isishushwe kupita kiasi. Mguu wenye njaa unategemea msukumo huo. Ugoro, kama upo, uachwe leo. Kabla ya upasuaji apimwe moyo, damu na figo. Figo hasa, kwa sababu dawa ya kuonyesha mishipa kwenye CT huzielemea na mionzi inaweza kuwa imebana mirija ya mkojo.

Upasuaji ukienda vizuri maumivu ya usiku huondoka haraka, mara nyingine usiku uleule. Kidonda kitachukua wiki hadi miezi. Kisha ni kliniki, na ultrasaundi ya mshipa mpya mara kadhaa mwaka wa kwanza na angalau mara moja kila mwaka baadaye, hata akiwa anajisikia mzima. Mshipa unaoanza kubana ukigunduliwa mapema hupanuliwa. Ukishaziba, kazi huanza upya. Kama gharama ndiyo inayowachelewesha, onaneni na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuanza kuchangisha ukoo. Wengi huenda huko wakiwa tayari wameuza kiwanja.

Msisubiri tarehe ya kliniki ikiwa mguu utageuka ghafla kuwa wa baridi na mweupe, ukafa ganzi au mama akashindwa kuchezesha vidole. Hapo mna saa chache tu, takriban sita, kabla misuli haijaanza kufa. Ni gari la kwanza linalopatikana kwenda hospitali yenye mpasuaji wa mishipa, usiku au mchana. Vivyo hivyo kwa homa pamoja na wekundu unaopanda, weusi unaosambaa au harufu. Na baada ya upasuaji, damu yoyote inayotoka kwenye kidonda cha kinena, hata kijiko kimoja kilichokauka chenyewe, inaweza kuwa mshono unaoachia: bana kwa nguvu kwa kitambaa safi na mwende naye akiwa amelala.

Kesho asubuhi nenda Ocean Road na kadi ya mama, uombe muhtasari wa matibabu ya 2008: dozi, mahudhurio, mipaka ya eneo lililopigwa, na kama vinena vilijumuishwa. Mpasuaji akiwa na karatasi hiyo ataamua ashonee wapi akijua anachokikwepa. Halafu mrudi kwake wiki hii, mama akiwepo chumbani. Mguu ni wake, na bado hujaniambia yeye mwenyewe anataka nini.